Tunawasomesha mabinti hadi siku ya mahafali, kisha tunawaacha peke yao mbele ya mkataba wa kwanza

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nimekuwa mhasibu wa mishahara kwa miaka 17, kwanza kiwandani, kisha katika shirika lisilo la kiserikali, na sasa katika kampuni binafsi hapa Morogoro. Kwa miaka 6 kati ya hiyo nimekuwa pia mjumbe wa kamati ya mfuko mdogo wa elimu wa kata yetu, ambao huchangiwa na wenyeji walioko mjini na kuwasaidia mabinti wachache kila mwaka. Kazi hizi mbili nilizichukulia kama mashamba mawili yasiyopakana, hadi mwezi uliopita zilipokutana sebuleni kwangu.

Binti mmoja tuliyemsaidia tangu kidato cha 5 hadi shahada ya kwanza alikuja na mkataba wake wa kwanza wa ajira, akiomba nimsomee kabla hajatia saini. Mshahara ulioandikwa ulikuwa shilingi 650,000 kwa mwezi. Kijana waliyesoma naye darasa moja na kuhitimu kwa daraja lilelile alikuwa ameajiriwa wiki mbili kabla, ofisi ileile, cheo kilekile, kwa shilingi 800,000. Binti alipouliza sababu, aliambiwa kwamba kila mtu hulipwa kadiri alivyojieleza kwenye usaili. Ofisi yenyewe sitaitaja, wala msinishawishi kuitaja, kwa sababu ofisi za namna hiyo nimezifanyia kazi na ninajua haiko peke yake.

Naomba tuzipige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi husema "tofauti ni laki na nusu tu". Chukulieni kwamba wote wawili wanadaiwa shilingi milioni 12 na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Makato ya kisheria ni asilimia 15 ya mshahara. Kijana atakatwa 120,000 na kumaliza deni kwa miezi 100. Binti atakatwa 97,500, na kama mshahara hautapanda, atamaliza kwa miezi 124. Deni ni moja, chuo ni kimoja, lakini yeye atakaa na makato miaka 2 zaidi. Mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa pamoja kati ya mwajiri na mwajiriwa ni asilimia 20, utakuwa pungufu kwa shilingi 30,000 kila mwezi, na pungufu hilo litamfuata hadi uzeeni. Na nyongeza ya mwaka ikitolewa kwa asilimia, tuseme 5 kwa kila mmoja, ile laki na nusu itakuwa imefika karibu 244,000 baada ya nyongeza 10, bila mtu yeyote kufanya uamuzi mwingine wa kumbagua. Uamuzi ulifanyika mara moja tu, siku ya usaili. Yaliyobaki huyafanya mashine ya kukokotoa, na kwa miaka 17 mkono uliobonyeza mashine hiyo umekuwa wangu.

Kisheria jambo hili halina utata. Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa kila mtu haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 1951 unaohusu malipo sawa. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, katika kifungu cha 7, haiishii kukataza ubaguzi wa kijinsia, wa hali ya ndoa na wa ujauzito, bali inamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu hichohicho kinamtaka aandae mpango wa kuzuia ubaguzi na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Katika waajiri watatu niliowafanyia kazi, mpango huo nimeuona kwa mmoja, umefungwa vizuri, uko kabatini.

Tuangalie maneno "thamani sawa". Hayasemi "kazi ileile". Mpishi wa shule ya bweni anayewaandalia chakula wanafunzi 600, akiamka saa 9 usiku na kusimama mbele ya moto, na dereva wa basi la shule hiyohiyo, hawafanyi kazi moja. Lakini ukipima ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira ya kazi, utapata shida kueleza kwa nini mshahara wa dereva uzidi kwa theluthi. Wapishi wengi ni wanawake na madereva wengi ni wanaume, na hapo ndipo pengo kubwa hujificha bila kuandikwa popote. Itazameni pia amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023: taasisi za fedha ziliwekewa 592,000, migodi yenye leseni za uchimbaji 500,000, na mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida 60,000. Viwango hupandishwa kila baada ya miaka kadhaa, lakini sijaona amri iliyomtoa dada wa kazi chini kabisa ya orodha.

Kwa watumishi wa umma watu huniambia, "Sisi huku hakuna pengo, ngazi ni moja." Ni kweli kwamba mwalimu mwenye shahada huanza na TGTS D1, ngazi ya mishahara ya walimu wa serikali, awe mwanamke au mwanamume. Lakini ngazi ya mshahara si kipato chote. Ulizeni posho ya kujikimu ya safari za kikazi huenda kwa nani zaidi, nani hupewa kukaimu nafasi na kulipwa posho ya kukaimu, nani huwekwa kwenye kamati zinazolala Dodoma wiki 2. Mama mwenye mtoto wa miezi 7 hatolewi kwenye orodha kwa barua. Anaambiwa kwa upole kwamba "wewe pumzika kwanza". Upole huo ukirudiwa mara 8 kwa mwaka unaweza kuzidi mishahara ya miezi kadhaa.

Sasa narudi kwenye mfuko wetu wa kata, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Sisi wafadhili wadogo, iwe ni mfuko wa kata, kikundi cha VICOBA, SACCOS, jumuiya ya msikiti au ya kanisa, hufunga daftari siku ya mahafali. Tunapiga picha, binti anavaa joho, mwenyekiti anatoa nasaha. Miezi michache baadaye binti huyo anaketi mbele ya watu watatu wanaomuuliza, "Unatarajia kulipwa kiasi gani?", na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kwamba swali hilo lina majibu. Mtoto wa mhasibu huwa amesikia mishahara ikijadiliwa nyumbani. Mtoto wa mama lishe wa Mazimbu hajawahi, na anataja kiasi anachoona hakitawaudhi. Kwa hiyo napendekeza kila ufadhili wa binti uendelee hadi mwisho wa mwaka wake wa kwanza kazini: fedha kidogo, na mtu mmoja anayejua viwango vya soko, atakayesoma naye mkataba. Naomba michango, na naomba pia pingamizi.

Mwajiri wa Nyakato

Dada Mtunza Daftari, heshima yako. Umeomba pingamizi na mimi ninazo mbili. Nina karakana ya samani hapa Mwanza yenye wafanyakazi 23, na si mtu mbaya.

Ya kwanza: mwajiri mdogo hulipa kile alichokubaliana na mtu. Kijana aliomba 800,000 akapewa, binti aliomba 650,000 akapewa. Mimi nikienda sokoni kununua mbao, muuzaji akanitajia bei ya chini, simwongezi. Ya pili ni likizo ya uzazi. Sheria inanitaka nimlipe mama siku 84 za likizo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi nimpe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Wakati huohuo ninamlipa mtu wa kumshikia nafasi. Sijasema sheria ni mbaya. Binti zangu nao watazaa. Nasema gharama hiyo ipo, na anayeibeba ni mimi peke yangu. Je, si haki niikumbuke ninapopanga mshahara?

Na kwa upande wa ufadhili, vijana wetu wa kiume siku hizi wanaacha shule kwenda kuvua na kuendesha bodaboda, lakini kila tangazo la ufadhili ninaloliona ni la mtoto wa kike.

Mtunza Daftari

Kaka, nakushukuru kwa kusema wazi yale ambayo wengi huyasema vyumbani. Kuhusu mbao: ubao haujui bei ya ubao wa jirani yake, na sheria haijaulinda. Mfanyakazi sheria imemlinda, na mapatano ya pande mbili hayawezi kuifuta. Akifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na kuonyesha kwamba kwa sura ya awali kuna ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwepo unahamia kwako. Jibu kwamba "aliomba mwenyewe" utalitoa kwa shida.

Kuhusu uzazi, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Sheria hiyohiyo inayompa mama siku 84 imempa baba siku 3. Kwa mpango huo, kila mwajiri anayemtazama msichana wa miaka 26 anaona siku 84, na akimtazama mvulana wa miaka 26 anaona siku 3, ingawa wote wawili wanaweza kupata mtoto mwaka huohuo. Tukitaka gharama isigeuke kuwa makato ya kimyakimya kwenye mshahara wa mwanamke, ni lazima ibebwe kwa pamoja zaidi kupitia hifadhi ya jamii, na siku za baba ziongezwe. Lakini hadi hapo, gharama ya likizo ambayo pengine hataichukua kwa miaka 5 huwezi kuanza kumkata leo. Binti huyu hajaolewa wala hana mimba. Amekatwa kwa makadirio.

Mwanauchumi Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwa takwimu za Marekani kwamba pengo lililobaki siku hizi halitokani sana na tofauti ya kazi zenyewe, bali liko ndani ya kazi moja, na hufunguka zaidi mtoto wa kwanza anapozaliwa. Sisi hapa tuna mapengo yote mawili, la zamani na la sasa, kwenye orodha moja ya mishahara.

Vijana wa kiume wanaoacha shule ni suala la kweli na linastahili uzi wake. Usililipie kwa mshahara wa binti.

Bibi wa Usangi

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa. Naandika kwa msaada wa mjukuu, lakini maneno ni yangu.

Mnazungumza kana kwamba mambo haya yameanza na mikopo. Mwaka 1974 lilitoka Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mambo yake mema kuhusu elimu ya msingi kwa wote, liliagiza kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha 6, bali afanye kazi kwanza angalau miaka 2 na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Lilitungwa kwa nia njema, ili wasomi wasiote pembe. Mimi nilimaliza kidato cha 6 wakati huo, nikapelekwa kazini. Wavulana tuliomaliza nao walifanya kazi miaka 2 wakaenda zao chuoni. Sisi wasichana, katika hiyo miaka 2, posa zilikuja, mimba zikaja, na wazazi wakasema kwamba kazi tayari unayo, chuo cha nini. Idadi ya wasichana waliokuwa wakiingia chuo kikuu ilishuka hadi serikali ikawaondolea sharti hilo mwaka 1976. Mimi niliingia kwa mlango huo. Rafiki zangu wawili hawakuingia kamwe.

Nasema haya kwa sababu ya kile alichokisema mwanangu mhasibu. Kanuni ilikuwa moja kwa wote na haikutaja mwanamke mahali popote, lakini ilimwangukia mwanamke. Na hiyo "kila mtu hulipwa alivyojieleza" ni mtoto wa mama mmoja na ile kanuni. Tulilelewa tusijieleze. Nilipoajiriwa mwaka 1979 sikujua kwamba mshahara unaweza kuulizwa. Nilidhani unateremka kama mvua.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo bibi, na asante kwa somo hilo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana ya serikali. Nataka kuongeza kuhusu ufadhili wenyewe, kwa sababu mifuko mingi ya kata bado inaendeshwa kama vile tuko mwaka 2010. Ada ya kidato cha 1 hadi cha 4 katika shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha 5 na cha 6 mwaka 2022. Hata hivyo bado naletewa barua za wafadhili zinazosema "tutalipa ada". Ada ipi? Mwanafunzi anayepangiwa shule ya bweni mkoa mwingine anahitaji godoro, ndoo, sare, nauli ya kwenda na kurudi likizo mara kadhaa kwa mwaka, taulo za kike, na daftari za kutosha masomo matatu makubwa. Nimeshuhudia wasichana wawili waliopangiwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli na orodha ya vifaa, wakaishia kusoma tahasusi ya sanaa katika shule ya kata iliyokuwa karibu. Sanaa si aibu. Lakini tofauti ya mishahara anayoilalamikia dada Mtunza Daftari huanza kupangwa pale pale, kwenye nauli ya basi.

Upande wa vyuo vikuu hali ni nzuri kuliko zamani. Ufadhili wa Samia ulianza mwaka wa masomo 2022/2023 ukiwa na shilingi bilioni 3 kwa wahitimu wa kidato cha 6 waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi, na Benki Kuu ina mfuko wa ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Lakini hiyo huwachukua wenye alama za juu kabisa. Msichana mwenye daraja la pili kutoka Mpwapwa, ambaye kwa mazingira yake amefanya kazi kubwa kuliko wa daraja la kwanza wa shule ya kulipia, hayumo. Huyo ndiye wa mfuko wa kata, na kama kata haikumwona, hakuna mwingine atakayemwona.

Na msisahau waliojifungua. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Ruhusa ipo, anayekosekana ni wa kukaa na mtoto. Katika barua zote za ufadhili nilizopokea sijaona hata moja yenye kasma ya yaya.

Fundi Mitambo

Naunga mkono kuvuka siku ya mahafali, na nitaeleza sababu kwa taaluma yangu. Mimi ni mhandisi mwanamke. Shahada ya uhandisi peke yake haikufanyi uwe mhandisi mtaalamu; unatakiwa usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kabla ya hapo upitie mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Bodi ilianzisha mpango wa mafunzo hayo mwaka 2003, na unachukua miaka 3. Katika miaka hiyo unalipwa posho ndogo, unahamishwa eneo la mradi, unaishi kambini. Wenzangu wa kike waliokatika, wengi walikatika hapo, wakaenda kufanya kazi za ofisini zisizohitaji usajili na zinazolipa kidogo. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake kupitia mpango huo, na mimi nawajua waliosajiliwa kwa sababu ya fedha hizo. Hawakuwa na akili kuliko waliokatika. Walikuwa na kodi ya chumba.

Ndivyo ilivyo kwa mhasibu na mitihani ya CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, na kwa mwanasheria anayehitaji Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kabla ya kuwa wakili. Mtu akiniuliza shilingi 1,500,000 ya mfuko mdogo itumike wapi, sitasema mwaka wa kwanza wa chuo, ambako mkopo wa serikali unaweza kufika. Nitasema ada za bodi ya kitaaluma. Ndizo zinazomtoa binti kwenye mshahara wa "msaidizi".

Binti Kilifi

Hamjambo majirani. Huku kwetu Kenya maneno ya sheria ni karibu yaleyale: kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi ya thamani sawa, na Katiba ya 2010 katika Ibara ya 27 inataja usawa wa wanawake na wanaume katika nafasi za kiuchumi. Kuhusu lile la baba, sisi tuna wiki 2 dhidi ya miezi 3 ya mama. Bado si sawa, ila ni zaidi ya siku 3 zenu.

Basari tunazo nyingi kuliko nyinyi, za NG-CDF (mfuko wa maendeleo ya majimbo ya ubunge), za kaunti, na za mashirika. Shida yake ni kwamba hugawanywa vipande vidogovidogo ili majina yawe mengi siku ya kutangaza. Msichana anapata shilingi 5,000 za Kenya katika bili ya 40,000, mheshimiwa anapigiwa makofi, na mtoto anarudishwa nyumbani wiki inayofuata. Mfuko wenu wa kata ukiweza kumbeba mmoja mpaka mwisho badala ya kuwagusa 12, msione haya.

Katibu wa Mfuko

Mimi pia ni katibu wa mfuko, mkoa wa Mbeya, na nina shaka na pendekezo hili. Sisi tukikusanya vizuri tunapata milioni 9 kwa mwaka. Mpaka leo kuna binti 3 ambao tumewaahidi na hatujatimiza. Nikiwaambia wachangiaji kwamba sasa fedha zitaenda kwa mtu ambaye tayari ana ajira, mwaka kesho hawatachanga. Wachangiaji wetu ni wakulima wa viazi. Wao wenyewe hawana mshahara wa kujadili.

Mtunza Daftari

Ndugu Katibu, hoja yako ni nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na sitajifanya kuwa ninayo dawa yake. Kwetu tulijadiliana Jumamosi iliyopita kwa saa 3, na mjumbe mmoja aliondoka kwa hasira. Tulichokubaliana ni kidogo. Hakuna fedha mpya kwa mwenye ajira, isipokuwa ada ya mtihani au usajili wa bodi ya kitaaluma, kama alivyoshauri Fundi Mitambo, na hiyo itakuwa mkopo usio na riba utakaorejeshwa kwa miezi 18. Jambo la pili halina gharama: kila anayefadhiliwa, mwaka wake wa mwisho, atakaa na mjumbe mmoja kwa siku nzima kujifunza kusoma mkataba, hati ya mshahara na makato yake, na kila aliyetangulia ataombwa atuandikie, bila jina lake wala la ofisi yake, alianza na mshahara wa kiasi gani, kwa kazi gani, mkoa gani. Daftari hilo lina mistari 14 hadi sasa. Tulichukua mfano kwa wasichana waliosomeshwa na CAMFED, shirika linalofadhili elimu ya wasichana, ambao wana umoja wao wa wahitimu na hurudi mashuleni kuwaongoza wadogo zao. Sisi tutakuwa kijiji kimoja tu cha namna hiyo.

Wakulima wa viazi waelezwe hivi: fedha yao ilinunua shahada inayostahili 800,000 na ikauzwa 650,000. Nadhani hakuna anayejua uchungu wa kuuza chini ya bei kuliko mkulima wa viazi anayefungiwa lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo.

Mwajiri wa Nyakato

Dada, hilo la lumbesa limenigusa, na sina la kujibu. Nimechukua daftari langu la mishahara usiku huu. Wanawake ninao 6. Wawili wa kupaka rangi na kunakshi nawalipa chini ya wanaume wa kuranda, na nikijiuliza ni kwa nini, jibu ninalolipata ni kwamba niliwakuta hivyo tangu baba yangu. Nipe muda. Siahidi kitu hapa mtandaoni.

Lakini hukutuambia binti alifanyaje.

Mtunza Daftari

Aliandika barua ya ukurasa mmoja, ya heshima, akiuliza kigezo kilichotumika kupanga mshahara wa nafasi ile. Hakumtaja kijana. Alijibiwa kwa mdomo kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Kodi ya chumba ilikuwa imefika na nyumbani wadogo zake wawili wanamsubiri yeye, kwa hiyo alitia saini kwa 650,000 akaanza kazi. Nakala ya barua ameihifadhi, na mimi ninayo nyingine, imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, ilhali ya kuachishwa kazi ni siku 30. Tunahesabu tangu tarehe ya saini. Leo ni siku ya 19, na bado hajaamua.

Bibi wa Usangi

Mwambie siku ya 40 nitampigia simu mwenyewe. Nitumie namba yake faraghani, usiiweke hapa.